Shati la Mkurugenzi

Tuelewane mapema. Ile mashine haikutengenezwa kwa ajili ya dunia. Haikutengenezwa kwa ajili ya soko, wala mustakabali, wala hayo maneno mengine mapana yaliyokuja kubandikwa juu yake baadaye. Ilitengenezwa kwa ajili ya mkono mmoja tu, mkono wa kulia wa mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Dobi, kwa sababu alikuwa dobi.

Mkono huo ulikuwa umekamua nguo za watu kwa miaka kumi na minne. Mashati ya makarani, suruali za madereva, mapazia ya mwenye nyumba, na kila siku ya kazi mashuka kumi na matano ya kliniki ya wazazi iliyokuwa barabara ya pili. Mwishowe kifundo kikavimba. Asubuhi Dobi alishindwa hata kufungua kifuniko cha chupa ya chai. Nesi wa kliniki ile ile akauminya mkono huku na kule, akaufunga bandeji, akamwambia, "Dada, ukiendelea kukamua hivi, mkono huu utastaafu kabla yako." Dobi akacheka kwa adabu. Alipofika uani kwake akageuza ndoo, akakaa juu yake, akalia.

Mumewe alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno ya kuhesabu. Alimwona pale juu ya ndoo. Hakusema pole, hakusema nyamaza. Alikwenda akatafuta pipa la plastiki la bluu, akatafuta na pipa jingine dogo la bati, akalitoboa matundu kila upande, akalitia ndani ya lile kubwa. Akachomelea fremu. Akafunga pedeli mbili, mnyororo, na kiti cha baiskeli kilichochanika ngozi. Siku nne nzima wateja wa baiskeli walikuja wakarudi wanasonya. Siku ya tano akamwita mkewe.

"Panda."

"Nipande niende wapi?"

"Panda tu, mama."

Dobi akapanda, akapiga pedeli. Ndani ya pipa mashuka manane yakaanza kujipindua kwenye sabuni, bwata, bwata, bwata. Baada ya dakika ishirini Fundi akafungua koki, maji machafu yakatoka. Dobi akapiga pedeli kwa kasi, nguo zikajikamua zenyewe kwenye lile pipa la matundu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekaa pajani muda wote huo, haufanyi chochote, kama mgeni. Dobi aliutazama akaanza kucheka, na safari hii hakucheka kwa adabu. Aliona raha, na alisema hivyo hivyo: "Mume wangu, naona raha."

Raha hiyo ilidumu wiki tatu. Wiki ya nne akaja shemeji.

Shemeji huyu, mdogo wake Fundi, alikuwa na kadi za jina zilizoandikwa Mkurugenzi Mtendaji. Mkurugenzi wa nini? Kadi haikusema. Alizichapisha kwanza, kampuni ingekuja yenyewe. Mtaa ukamwita Mkurugenzi, naye akadhani ni heshima. Alipoingia uani akamkuta Dobi juu ya kiti anapiga pedeli, jasho jembamba usoni, anaimba, akasimama kama aliyeona hazina.

"Kaka," alisema, "hii siyo mashine."

"Ni nini?" akauliza Fundi.

"Hili ni suluhisho."

Ole wako mashine yako ikishaitwa suluhisho. Mkurugenzi alipiga picha mbele, nyuma, ubavuni. Kesho yake alikuja na gari la mizigo. Kuna kituo mjini, alisema, cha kulea biashara changa. Wanataka kuiona. Siku mbili tu, shemeji, nakuapia, siku mbili. Fundi akamtazama mkewe, mkewe akamtazama Fundi, na kwa kuwa mdogo wa mume naye ni ndugu, mashine ikapakiwa. Dobi akarudi kwenye beseni. Siku mbili zikawa miezi saba.

Haya, tuingie kituoni. Palikuwa na ukuta wa kioo, mito mikubwa ya kukalia sakafuni ambayo mtu mzima akizama humo hanyanyuki bila kuvutwa, na ubao uliojaa vikaratasi vya rangi vyenye maneno kama KUA na THUBUTU. Kazi ya kituo ilikuwa kushauri. Watu waliingia na kitu wakatoka na ushauri, na wengine kile kitu hawakukiona tena.

Mshauri mkuu alikuwa bwana mmoja wa suruali fupi inayoishia juu ya kifundo cha mguu. Alikuwa amefungua duka la viatu likafa, akafungua la simu likafa, akafungua mgahawa, nao ukafa wiki ya pili. Sasa alifundisha watu kufanikiwa. Dobi, aliposimuliwa habari hizo, alimpa jina la Mzika Maduka, na kusema kweli lilimkaa. Wa pili alikuwa mama aliyevaa kipaza sauti cha sikioni hata akizungumza na watu watatu. Huyo ndiye aliyeitazama mashine akakunja pua.

"Pedeli zinanuka umaskini," alisema, na spika zikarudia nyuma yake: umaskini, umaskini. "Nani atawekeza kwenye jasho?"

Pedeli zikatolewa, Fundi akazirudisha nyumbani pamoja na mnyororo na kiti. Ikafungwa mota ya betri inayoamriwa kwa simu. Mota hiyo ilizunguka vizuri kabisa pipa likiwa tupu. Ukitia maji, ilinguruma kidogo ikazima. Mzika Maduka akasema hayo ni mambo madogo madogo, yatarekebishwa katika awamu ya nne. Lile pipa la ndani, la matundu, likaonekana linaongeza uzito, likatolewa likawekwa mlangoni mwa kituo, wageni wakawa wanatia humo miavuli. Kisha mashine ikapakwa rangi nyeupe na ikafundishwa kusema. Ukibonyeza simu, sauti ya binti ilitoka tumboni mwake: "Karibu. Usafi wako ni fahari yetu."

Kwa hiyo ilikuwa inasema. Kufua ndiko haikuweza.

Fundi alikuwepo wakati wote huo? Alikuwepo. Ndilo lililomuuma Dobi kuliko yote. Kila jioni mumewe alirudi na daftari jipya lenye nembo ya kituo, ameandika alivyoambiwa. Jumatatu waliambiwa wapandishe bei ili waheshimiwe. Jumatano waliambiwa wagawe bure ili wapendwe. Fundi aliandika yote mawili, moja chini ya jingine, kwa mwandiko wake wa polepole, na hakuuliza. Mtu ambaye angekwambia mnyororo wako umelegea kwa kusikiliza tu ukipita barabarani, sasa alikaa kwenye mto sakafuni, magoti usawa wa masikio, anafundishwa neno uvumbuzi na mtu asiyeweza kushika spana. Walikuwa wamemvika kilemba cha ukoka. Walimwita Mwasisi. Maisha yake yote aliitwa wewe fundi, njoo hapa, na sasa anaitwa Mwasisi. Ungekuwa wewe ungeondoka?

Basi likaja shindano la kwanza la kujinadi mbele ya majaji, na ikabidi mashine ifue shati mbele za watu. Itafuaje? Mkurugenzi hakukosa akili, tatizo ni alikoipeleka. Alinunua mashati meupe mawili, mapacha kabisa. Moja lilifuliwa likalazwa likiwa limelowa chini kabisa ndani ya pipa. La pili lilipakwa matope mbele ya majaji, likatiwa pipani, mlango ukafungwa, mota ikanguruma kavu, binti akasema usafi wako ni fahari yetu. Kisha Mkurugenzi akaingiza mkono akatoa lile safi, akalitikisa, matone yakawarukia majaji, ukumbi ukapiga makofi.

Na nani alilifua lile safi? Nani, kama si Dobi? Fundi alikuja siku ya kwanza na shati mkononi, macho chini. "Mara moja tu, mama." Dobi akalifua kwa mkono ule ule, kifundo kinamwaka moto. Baada ya shindano akaletewa na lile la matope. Zikafuata mara kumi nyingine. Matope, masizi, chai, mchuzi. Mashine iliyotengenezwa kumpumzisha mkono ilikuwa imemwongezea mashati mawili kila shindano. Vyeti vikajaa ukutani sebuleni, kumi na kimoja, na Dobi alikuwa akivipita na beseni kiunoni, anavisonya kimoja kimoja.

Sasa sikia kilichoondoa utani. Jumatano moja Matroni wa kliniki alimwita ofisini, akamkalisha kitini. Alikuwa mwanamke mnene, mkavu wa maneno, lakini wa haki.

"Wodi mpya inafunguliwa Jumatatu," alisema. "Mashuka kumi na matano yanakuwa sitini. Kila siku. Nataka nikupe wewe, maana miaka yote hii hujanirudishia shuka lenye doa. Lakini nauona huo mkono."

"Mkono upo, mama."

"Mkono upo, lakini sitini utayaweza? Nisikudanganye. Wanawake wanajifungua, siwezi kuwaambia wasubiri shuka likauke. Jumatatu nitapita kwako mwenyewe. Nikikuta unaweza, kazi yako. Nikikuta huwezi, nitampa mwingine yote, na hayo kumi na matano pamoja. Siwezi kugawa kwa watu wawili."

Dobi alitoka pale. Yote, au hakuna. Akipata hiyo kazi amesimama mpaka uzeeni. Akikosa, miaka kumi na minne imekwenda na maji ya sabuni. Na kitu pekee kilichokuwa kati ya hayo mawili kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe, kiko mjini, kinakaribisha wageni.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kituoni, na kanga yake ya kazi na kandambili. Aliikuta mashine kwenye kona, juu yake chombo cha maua ya plastiki, na kijana mmoja wa biashara nyingine anachaji simu kwenye betri yake. Fundi alikuwa kwenye mto. Alipomwona mkewe alijaribu kusimama haraka, akashindwa, akavutwa.

Dobi alieleza. Hakupamba: Jumatatu, mashuka sitini, nataka mashine yangu, iwe ya pedeli tena.

Mzika Maduka alitabasamu kama anayezungumza na mtoto mwenye homa. "Tatizo lako, mama, unamwona mteja."

"Sasa nimwone nani?"

"Uone soko. Mteja mmoja ni mtego. Wajasiriamali wengi wamekufa kwa kumhudumia mteja."

"Na wewe maduka yako matatu yalikufa kwa nini?"

Yule kijana wa simu akacheka, halafu akajifanya anakohoa. Mzika Maduka hakutetereka. Alisema kushindwa ni mtaji, na kwamba yeye kwa hesabu hiyo alikuwa tajiri. Fundi alifungua mdomo. Dobi akamgeukia, akasubiri, moyo wake wote umesimama pale kwenye mdomo wa mumewe. Mdomo ukafungwa.

Mkurugenzi ndiye aliyemshika bega akamsogeza pembeni, sauti asali tupu. Jumamosi ni fainali, alisema, hapa hapa ukumbini. Safari hii jaji mkuu anataka kulichafua shati mwenyewe na kuliwekea alama, kwa hiyo ule mchezo wa mashati mawili umekwisha. Ameikata mashine kidirisha kwa nyuma. Mashine itasimama mbele ya pazia, na nyuma ya pazia akiwepo mtu mwenye mkono mwepesi, na beseni, na dawa ya madoa…

"Unataka nijifiche nyuma ya mashine nifue badala ya mashine."

"Dakika sita tu, shemeji. Tukishinda, Jumatatu asubuhi mashine iko uani kwako, imerudishiwa pedeli zake na pipa lake la ndani. Neno la mwanamume."

Ungefanya nini? Dobi alipiga moyo konde akakubali. Fundi aliitikia kwa kichwa pale kwenye mto, na Dobi akalichukua lile kama ahadi ya pili.

Jumamosi ikafika. Nyuma ya pazia palikuwa na beseni, stuli, ndoo mbili za maji, na Dobi. Mbele yake ulikuwa mgongo wa mashine yake mwenyewe, una tundu kubwa la mraba lililokatwa hovyo kwa msumeno, kingo zimechongoka. Alipapasa kingo zile kwa kidole. Hata ukirudisha pedeli leo, alifikiri, maji yote yatamwagikia hapa. Aliona hasira inampanda kifuani pole pole.

Upande wa pili jaji mkuu, mzee wa miwani mizito, alimimina oili chafu ya gari juu ya shati jeupe la Mkurugenzi, akachora alama ya kalamu kwenye kola. Ukumbi ukasema ahaa. Shati likatiwa pipani. Binti akasema karibu. Mota ikanguruma. Mkono wa Dobi ukaingia kwenye tundu, ukavuta shati, ukaanza kazi.

Na alikuwa anajua kazi, jamani, tusimnyime haki yake. Oili ile ingemshinda mtu mwingine siku nzima. Yeye alitia dawa, akasugua kwa vifundo, akageuza, akasugua, mkono unapiga kelele na yeye anauambia nyamaza, Jumatatu utapumzika. Doa lilikuwa limeanza kukubali. Ndipo akasikia sauti ya jaji mwanamke.

"Mwasisi, wewe hujasema neno. Mashine hii uliitengeneza kwa ajili ya nani?"

Dobi aliacha kusugua ili asikie. Hata yeye hakujua kwamba angelitaka jibu hilo kiasi hicho. Alimsikia mumewe akimeza mate kwenye kipaza sauti.

"Kwa ajili ya soko," alisema Fundi.

"Vizuri. Na hatua inayofuata?"

Mkurugenzi akadaka. "Jumatatu tunaanza ziara, waheshimiwa! Miji sita, miezi mitatu, mashine hii ikionyeshwa kila mji!"

Makofi. Dobi alisubiri Fundi aseme, akahesabu moja, mbili, tatu, mpaka kumi, hakusema.

Basi hapo yakamfika shingoni. Hakulia, hakupiga kelele. Alilitazama lile shati, doa lililoenea vizuri mpaka mikononi sasa kwa kuwa nusu ya kazi ya oili ni kuitawanya kwanza. Nusu ya pili ndiyo ya kuitoa, na hiyo hakuifanya. Alilikunja hivyo hivyo, akalirudisha kwenye tundu. Akajifuta mikono, akakaa juu ya stuli.

Mota ikazima. Mkurugenzi akaingiza mkono kwa madaha, akatoa shati, akalitikisa juu. Lilikuwa jeusi kuliko lilivyoingia. Mwanzo doa lilikuwa kifuani, sasa lilifika mpaka mikononi.

Mkurugenzi alilitazama shati, akatazama pazia, akatazama shati. Kijasho kikamchuruzika. Kisha jaji mkuu akavua miwani, akasimama, akaanza kupiga makofi. Peke yake. Pole pole.

"Mnajua nimeona mashati mangapi safi mwaka huu?" alisema, sauti inatetemeka. "Kila mtu anatuletea mafanikio. Hawa vijana wamethubutu kushindwa mbele yetu. Huu ndio ujasiri. Huu ndio ukweli!"

Mzika Maduka akarukia juu ya kiti. "Kushindwa ni mtaji!" Ukumbi mzima ukasimama. Mama wa kipaza sauti alikuwa anafuta machozi, na spika zikavuta makamasi pamoja naye. Mkurugenzi, ambaye sekunde tatu zilizopita alikuwa anatafuta mlango, alijipiga kifua akasema ndiyo, walipanga hivyo tangu mwanzo. Wakashinda. Nafasi ya kwanza! Zawadi ikaletwa na wasichana wawili: bango gumu la plastiki, urefu wa mlango, limeandikwa kwa herufi nyekundu MWAKA MZIMA WA USHAURI BURE.

Kisha mpiga picha akasema kuna kitu kinaziba washindi. Watu wawili wakaisukuma mashine pembeni, wakaipitisha mlango wa nyuma, wakaiacha uani karibu na mapipa ya takataka, lile shati jeusi limetupiwa juu yake.

Dobi aliwafuata kwa miguu yake, bila haraka. Nje barabarani palikuwa na mzee wa mkokoteni amelala juu ya mkokoteni wake. Akamwamsha. Walipakia mashine pamoja. Walipopita mlango wa mbele, Dobi akasimama, akaimwaga miavuli yote ya wageni sakafuni, akalibeba pipa lake la matundu. Mlinzi akauliza, "Mama, hilo unalipeleka wapi?"

"Kazini kwake," alisema Dobi.

Wote walikuwa ndani wanapigwa picha. Hakuna aliyeuliza mashine imekwenda wapi, wala siku hiyo, wala kesho yake asubuhi.

Fundi alirudi nyumbani jioni ile, jua bado lipo, na lile bango kwapani. Mkurugenzi alikuwa amemwambia abaki nalo, maana halikuenea kwenye teksi ya sherehe. Alimkuta mkewe uani amepiga magoti, bisibisi mkono wa kushoto, anajaribu kurudisha mnyororo, na ameukosea upande. Pedeli zilikuwa zimelazwa juu ya gunia. Dobi alizitoa chini ya kitanda. Alizihifadhi humo miezi saba, amezipaka grisi.

Fundi aliliegemeza bango ukutani. "Niliitengeneza kwa ajili ya mkono wako," alisema. "Waliponiuliza, nikasema soko."

"Nilisikia. Nilikuwa nyuma ya pazia."

"Sijui kwa nini nilisema vile."

"Unajua. Walikuita Mwasisi." Aliitupa bisibisi chini. "Umenitia uchungu, mume wangu. Sikufichi. Shemeji simsemi, yeye ndivyo alivyo. Wewe ulikuwa umekaa hapo hapo, mdomo unao."

Fundi alipiga magoti upande wa pili wa mashine, akaugeuza mnyororo. Kisha akafika nyuma, akaliona lile tundu la mraba, akapitisha kidole kwenye kingo, akafumba macho. Alitazama uani kote atafute kitu cha kuzibia. Bati lilikuwa limeoza, ubao ungevuta maji. Macho yake yakaishia kwenye bango lililoegemea ukuta. Aliligonga kwa kidole. Gumu, halipitishi tone. Akachukua msumeno.

"Maandishi yakae nje au ndani?" aliuliza.

Dobi akafikiri. "Ndani. Na yenyewe yaonje kazi."

Jumatatu saa nne Matroni aliingia uani bila kupiga hodi, akakuta mashuka hamsini na mawili kambani na mengine manane yanajipindua pipani. Dobi yuko juu ya kiti, mkono wa kulia pajani. Fundi anaongeza maji. Matroni alichukua shuka moja kambani, akaliinua juani, akaligeuza, akalinusa. Akalirudisha, akabana vibanio mwenyewe.

"Nitaleta mengine saa nane," alisema, akaondoka. Dobi aliendelea kupiga pedeli, lakini alikuwa analia na kucheka, na hakuficha.

Walikuwa hawajamaliza mzunguko ule Mkurugenzi alipotokea mlangoni, anatweta, amevaa koti la safari, nyuma yake Mzika Maduka na suruali yake fupi.

"Shemeji! Mashine! Gari linasubiri, mji wa kwanza unatusubiri!"

"Ina kazi," alisema Dobi, bila kusimamisha miguu.

"Kaka, mwambie."

Fundi alijinyoosha na ndoo mkononi. Alimtazama mdogo wake, akamtazama na yule mshauri. "Amekwambia ina kazi," alisema.

Mzika Maduka alikohoa, akasema anaona changamoto hapa, na kama mama atamruhusu, ana ushauri mdogo tu.

"Ushauri upo," alisema Dobi, akaipiga mashine mgongoni kwa kiganja, pale palipozibwa. "Unazuia maji. Hatujawahi kuupata mzuri hivi." Kisha akamgeukia shemeji yake, akaonyesha kwa kidevu pembeni ya kisima. Lilikuwa limetundikwa pale tangu Jumamosi, jeusi mabega mpaka mikono, alama ya kalamu bado iko kwenye kola. "Na shati lako hilo hapo, shemeji. Beseni hilo, sabuni hiyo. Oili ya gari inataka usugue kwa vifundo."

Mkurugenzi alicheka, akidhani ni utani. Hakuna mwingine aliyecheka. Alivua koti, akalitafutia pa kulitundika, akakosa, akampa Mzika Maduka alishike. Halafu akachuchumaa mbele ya beseni, akatia mikono majini, na alipoanza kusugua tu akashtuka, akautoa mkono nje akaukunja na kuukunjua.

"Shemeji," alisema, "hii inauma."

"Eeh," alisema Dobi, akaongeza kasi, kwa maana mashuka yalikuwa tayari kukamuliwa.